Mkufu Usioguswa kwa Mkono

Kabla ya kuushika mkufu wa mama yake mzazi, Delphine aliambiwa avae glavu.

"Samahani, mama," alisema Bwana Whitcomb, akimsogezea glavu nyeupe za pamba juu ya meza, kando ya sufuria ya maharage. "Jasho la mkono lina chumvi, linakula weusi. Na weusi huu ndio unaomleta mteja wangu kutoka Santa Fe."

Delphine akavaa. Ngozi ya vidole vyake, iliyopasuka kwa dawa za kusugulia mabafu ya moteli kule Gallup, ikawa inanasa kwenye pamba. Akaunyanyua mkufu kwa uangalifu, mtu asingedhani ni wake. Shanga za fedha nene, maua ya maboga pande zote mbili, na chini kabisa hilali iliyokumbatia jiwe la feruzi. Wote ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Mjomba wake Hoskie aliufua kwa sarafu zilizoyeyushwa, na mama yake, Bi Nanibah, aliuvaa ujana wake wote, harusini na sokoni, hata zizini akikamua mbuzi. Hakuvaa glavu hata siku moja.

"Sasa nisikilizeni," Whitcomb akaendelea, akiitia lenzi yake mfukoni baada ya kuupiga mkufu picha. "Msiuoshe. Msiufute. Msiuvae. Ukiguswa na maji tu, mimi simo. Jumatatu nakuja na mteja, mnalipwa hapa hapa mezani, na ile pikapu yenu inatembea wiki hiyo hiyo."

Akauteremsha mkufu ndani ya mfuko wa plastiki, akauzungushia utepe mwekundu mara nyingi, kisha akaupapasa kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Aliwaachia tikiti maji la zawadi, akawaachia na zile glavu, endapo wangelazimika kuuhamisha mfuko. Harrison, mumewe Delphine, alimsindikiza hadi mlangoni na kumshukuru. Delphine hakupenda jinsi alivyomshukuru, lakini angemlaumu vipi? Pikapu ilikuwa imelala uani juu ya mawe, giaboksi imekufa. Bila pikapu hakuna maji, kwa maana maji yao yalichotwa kisimani mbali, kwa mapipa. Na bila pikapu Harrison hafiki kazini kwake kwenye mabomba ya gesi.

Vumbi la gari la Whitcomb halijatulia, sauti ikasikika nyuma ya ukuta.

"Delphine! Huyo mwenye ndevu ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Na mumeo yumo?"

"Yumo."

"Mwambie ageuke, naingia."

Harrison alikwisha kugeuka, kikombe cha kahawa mkononi, uso ukutani. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, na wawili hawa walikuwa wameishika mila hiyo kwa bidii tangu siku ya harusi. Labda ndiyo maana hawakuwahi kugombana. Bi Nanibah akaingia na fimbo yake, akalitazama tikiti, akautazama mfuko.

"Mkufu umetiwa kwenye mfuko wa mkate?"

"Ni mfuko maalumu, mama. Asema usiguswe mpaka Jumatatu."

"Na Jumapili? Tazbah ataoshwa nywele na nini?"

Ndilo swali ambalo Delphine alikuwa akilikwepa wiki nzima. Tazbah, binti yao wa pekee, alikuwa amevunja ungo. Alhamisi angewekwa mwari. Kwa siku nne angesaga mahindi na kukimbia kuelekea mashariki, na alfajiri ya mwisho angeoshwa nywele kwa povu la mzizi wa yuka, sabuni yao ya jangwani, pamoja na mapambo ya ukoo, katika kikapu kimoja kilichosukwa kisivuje. Bi Nanibah alioshwa na mkufu huo. Delphine mwenyewe alioshwa na mkufu huo.

"Dada Lavina analeta wake," alisema. "Anamvalisha Tazbah. Unang'aa."

"Mwambie mama," Harrison akauambia ukuta, "gari bila giaboksi ni banda la kuku."

"Mwambie mumeo," Bi Nanibah akaliambia tikiti, "maji nilikuwa nachota kwa punda kabla hajazaliwa."

"Mwambie mama punda mwenyewe hatuna."

"Mwambie nimeona. Naona mmoja tu, na amenigeuzia mgongo."

Mabega ya Harrison yakatikisika, alikuwa anacheka. Delphine hakucheka. Alitaka mama yake amkaripie, amkataze, apige fimbo chini aseme hauuzwi, ili lawama imwangukie mtu mwingine. Bi Nanibah hakumpa nafasi hiyo.

"Nilikupa siku ulipozaa," alisema. "Nikishatoa, sishiki mkia. Uza, ule. Ila usiniambie habari za weusi wa kale. Mimi nilikupa mkufu mweupe. Kila nilipouvua niliufuta kwa kitambaa cha gunia la unga, nikaulaza na kipande cha chaki kwenye kopo. Weusi huu ni wa hili jiko lako la makaa ya mawe, na wa woga wako. Fedha haipendi moshi, na haipendi kufungiwa. Ya kuvaliwa hung'aa yenyewe."

Akatoka. Harrison akageuka na kumkuta mkewe amekaa, mikono bado imo ndani ya glavu.

Lile neno woga lilimwingia Delphine kwa sababu lilikuwa la kweli. Miaka minne iliyopita alikuwa akienda kazini na bangili mkononi, na mkufu shingoni siku za sikukuu. Kisha siku moja msimamizi akamsimamisha ukumbini, mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai. Akamwuliza kwa sauti ya upole kama vitu vile ni vyake au ameviokota chumbani kwa mtu. Delphine alijibu ni vyake. Akaulizwa kama ana risiti. Risiti! Ya mjomba Hoskie, aliyekuwa akitia sahihi kwa nyundo! Tangu siku hiyo mkufu na bangili vililala kwenye kopo juu ya kabati, jirani na bomba la moshi, chaki ikaisha na hakuna aliyeweka nyingine. Hakumweleza mama yake sababu. Alisema tu kazi inachafua.

Lavina aliwasili Alhamisi na gari lililojaa. Alileta kondoo wawili waliochinjwa, masanduku ya barafu, magunia ya unga, kreti za soda, na sauti yake. Huyu ndiye dada mkubwa, anayefanya kazi benki huko Albuquerque. Ndiye aliyechaguliwa kuwa somo wa mwari, wa kumkanda viungo akue imara kama yeye. Hakuwa mchoyo. Shida yake ni kwamba alipokupa kitu, alikupa na hotuba yake.

"Mdogo wangu, angalia," alisema, akiutoa mkufu wake kwenye kisanduku cha mahameli. Ulikuwa mweupe pe, mawe yake ya buluu yote rangi moja kama yametoka tumbo moja. "Miaka miwili naishi nao, haujashika weusi hata chembe. Wala sifuti. Nyinyi huku mnahangaika na matambara na chaki kama mko shuleni."

Bi Nanibah akaupokea, akaupima kiganjani, akaugeuza nyuma.

"Mwepesi."

"Ni mtindo wa siku hizi, mama. Shingo haziumi."

"Na haununi kabisa? Hata wakati wa makaa?"

"Haununi!"

"Haya," alisema mzee, akaurudisha. "Mimi sijawahi kuona fedha isiyonuna. Hata mtu mwema hununa."

Lavina akamkonyeza Delphine, kama kusema mama amezeeka huyu. Walipobaki wawili, alimshika mkono. "Umefanya la akili kuuza. Kumbukumbu haichoti maji. Huyu mtoto atang'aa, watu watapiga picha, na Jumatatu mna gari. Unalia nini?"

"Silii."

"Basi pua yako inalia."

Tazbah alisaga mahindi mpaka viganja vikatoka malengelenge, wala hakulalamika. Alikimbia kila alfajiri, vijana wakimfuata kwa vifijo, na kila siku alikwenda mbali kuliko jana. Jumamosi, wanawake walipokuwa wakikoroga uji wa ile keki kubwa ya mahindi ya kuzikwa shimoni iive kwa makaa, alimjia mama yake na mwiko mkononi.

"Mama, kwa nini sivai wa bibi?"

"Wa mama mkubwa unang'aa."

"Sikuuliza kama unang'aa."

"Tazbah, tunahitaji gari."

"Najua tunahitaji gari. Nimeuliza kwa nini sivai. Nauvaa, halafu unauza. Kwani utaisha?"

"Yule bwana amekataa usiguswe."

Mtoto alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila jeuri yoyote. "Amekataa wapi? Kwetu hapa?"

Delphine akamwambia akoroge, uji utaganda.

Jumapili, kabla mashariki hayajafunguka, nyumba ya mviringo ya sherehe ilikuwa imejaa. Mzee mwimbaji alikaa upande wa magharibi, wanaume wachache wakimwitikia. Harrison alikuwa nje na wenzake wakifukua shimo la keki, kwa kuwa mama mkwe yumo ndani. Kikapu kiliwekwa katikati, mzizi wa yuka ukapondwa, ukapigwa ndani ya maji mpaka povu likafura jeupe. Lavina, somo, akapiga magoti kando ya mwari. Akamvua ule mkufu wake mweupe, akautia kwenye povu kwanza, kama desturi, kisha angeinamisha kichwa cha mtoto.

Akaufikicha taratibu kwa kufuata wimbo. Povu likaanza kubadilika. Kwanza Delphine alidhani ni mwanga wa alfajiri unaoingia mlangoni. Kisha akaona vidole vya dada yake. Vilikuwa vya buluu. Povu lilikuwa la buluu, na maji chini yake buluu iliyokolea, buluu ya wino wa kalamu. Lavina akainua mkufu, na yale mawe mazuri yaliyotoka tumbo moja yalikuwa yamepauka kama meno ya mzee.

Shangazi mmoja alikohoa. Kijana aliyekuwa amenyanyua simu kupiga picha akaishusha, na kwa hilo Delphine alimshukuru moyoni. Wimbo haukukatika, maana wimbo huo haukatiwi njiani, lakini mzee mwimbaji alifungua jicho moja, akalitazama kapu, akamtazama mama wa mwari. Jicho lile lilimwambia yote: nyimbo zilizobaki si nyingi, na nywele za mtoto hazioshwi kwa wino.

"Niliuziwa kama halisi," Lavina alinong'ona. Machozi yalimtoka mbele za watu, yeye aliyezoea kuwafuta wengine. "Dukani, Delphine. Duka lenye vioo. Waliniapia."

Delphine alimtazama binti yake. Tazbah alikuwa amepiga magoti, nywele zimefunguliwa, shingo iko wazi, anangoja. Hakulalamika hata sasa. Na hasira ikampanda Delphine kutoka miguuni, wala si ya dada yake. Alimkasirikia mwenye ndevu na utepe wake. Alimkasirikia yule msimamizi na risiti yake. Alijikasirikia mwenyewe zaidi, aliyeketi na glavu mkononi nyumbani kwake akisema ndiyo bwana. Mwanawe ana mkufu wa ukoo hatua chache kutoka hapa, umefungwa kwa plastiki kama nyama ya dukani, naye anaoshwa kwa rangi!

Akasimama, akatoka mbio.

Harrison alimwona akirudi kutoka nyumbani na mfuko, aking'ata utepe kwa meno.

"Delphine. Gari."

"Najua."

"Na maji limebaki pipa moja, nalo nusu. Mkimwaga hayo mkaanza upya..."

"Najua, Harrison! Najua yote. Utanizuia?"

Alisimama na koleo lake la kufukulia, uso umejaa majivu. Alikuwa mtu anayehesabu maneno kabla ya kuyatoa. Alimwangalia mkewe, kisha akatia mkono mfukoni akatoa kisu.

"Utepe huo hautakatika kwa meno," alisema, akaukata.

Ndoo ya maji safi ililetwa hadi kizingitini na mtu aliyetembea kinyumenyume, mgongo mbele, asije akamwona mama mkwe. Bi Nanibah akaivuta ndani kwa fimbo. "Mwambieni aliyeileta," alisema, "macho ya mgongoni mwake ni mazuri."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikaifungua nyumba nzima. Kapu la pili likaletwa, yuka ikapondwa upya. Lile la kwanza Bi Nanibah alilisogeza pembeni mwenyewe. Katika nyumba yake maji hayakuwa yakitupwa, hata yakiwa ya buluu.

Delphine akaushika mkufu kwa mikono mitupu. Ulikuwa mzito, ulikuwa baridi, na mara moja ukaanza kupata joto. Akaukabidhi kwa Lavina, ambaye alisita.

"Mimi? Baada ya haya?"

"Somo ni wewe. Mimi sina somo mwingine."

"Upite tu kwenye povu," Bi Nanibah akaelekeza, "jiwe lisikae majini, linakunywa. Haya, toa. Nipe."

Akautandaza magotini. Kutoka mfukoni akatoa kitambaa cha gunia la unga kilicholainika kwa miaka, na kipande cha chaki. Alikuwa navyo tangu lini? Delphine hakuuliza, alijua jibu ni Alhamisi, tangu alipoupima ule wa Lavina kiganjani. Mzee akasaga chaki kwa kucha, akalowanisha kitambaa, akasugua ua moja baada ya jingine akilikwepa jiwe. Kitambaa kikawa cheusi. Chini ya weusi ikatoka fedha, nyeupe yenye joto, huku mikato ya patasi ya Hoskie ikibaki na giza lake, maana hilo aliliweka yeye na halikutoka. Wanawake wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akapokea kitambaa na kusugua shanga chache. Lavina alisugua kwa vidole vyake vya buluu na pua inayovuja.

"Pole, mwanangu," Bi Nanibah alimwambia. "Wamechukua pesa yako. Akili wamekuachia. Usirudi kwenye duka hilo, basi."

Tazbah akainamishwa, nywele zikaoshwa, maji yakamtiririka mpaka mabegani. Delphine mwenyewe ndiye aliyemvika. Mtoto aligusa hilali kifuani, akamtazama mama yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kisha akatoka mbio kuelekea jua. Alikimbia, na shanga zilikuwa zikilia juu ya kifua chake, sauti ile ile Delphine aliyoisikia kifuani mwake alipokuwa na umri huo. Akasimama uani, akalia bila kujificha. Pua nayo ililia.

Jumatatu Whitcomb alikuja na mteja, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya ukili. Waliwakuta uani. Tazbah alikuwa akimpa kuku mahindi, mkufu uko shingoni, unawaka juani.

Whitcomb alisimama mguu mmoja ukiwa bado ndani ya gari. "Mmeuosha."

"Tumeuosha," alisema Delphine.

"Niliwaambia... Mama, unajua umetupa nini? Ulikuwa na weusi wa miaka mia!"

Nyuma ya ukuta mtu mzee alicheka mpaka akakohoa.

Yule mama wa Santa Fe alikuwa amemkaribia Tazbah. "Ni mzuri sana," alisema. "Ila mimi nautaka ule wa kwenye picha."

Whitcomb akafikiri upesi. Biashara ilikuwa haijamponyoka yote. Akamvuta Delphine kando na kushusha sauti. "Sikiliza. Iko dawa. Naupaka, dakika tano unarudi mweusi kama mwanzo, hakuna atakayejua. Lakini bei itakuwa nusu, kwa usumbufu."

"Kumbe weusi unapakwa?" Delphine aliuliza kwa sauti iliyowafikia hata kuku. Mama mwenye kofia akageuka. Whitcomb akawa mwekundu kuzidi ndevu zake.

"Nusu ni pesa nyingi, mama. Gari lenu lile pale."

Lilikuwepo kweli, juu ya mawe yake. Pipa lilikuwa na maji ya kupikia siku moja. Harrison alikuwa ameondoka alfajiri kwa lifti ya jirani, na kesho hakukuwa na lifti. Delphine alilitazama gari, akalitazama pipa. Hakujua giaboksi itatoka wapi. Alijua tu kwamba kesho yeye mwenyewe anakwenda kazini na bangili mkononi, na anayetaka risiti atapelekewa Bi Nanibah mwenyewe.

"Hauuzwi," alisema. "Si kwa nusu, si kwa nzima. Tulikosea kukuita. Chema chajiuza, bwana, lakini kwanza kiwe kinauzwa. Tikiti lako tulikula, lilikuwa tamu, asante."

Kisha akakumbuka jambo. Akaenda kwenye kamba ya nguo, akaanua kitu, akarudi akakiweka mkononi mwa Whitcomb na kumkunjia vidole.

"Na glavu zako hizi. Zilikuwa zimeshika jasho langu, mama akazifua kwenye yale maji ya mkufu wa dada."

Whitcomb akafungua kiganja. Zilikuwa za buluu.